Swali la Fundi Dalmas

Fundi yeyote wa Kisumu, hata yule aliyejifunza kazi juzi kwa kumshikia mwenzake ngazi, ana swali moja la kuingia nalo katika nyumba ya watu. Anasimama katikati ya sebule, anautazama ukuta kama daktari anayetazama kidonda kilichocheleweshwa, kisha anauliza: "Nani aliwajengea hii?" Hangoji jibu. Swali lenyewe ndilo mwanzo wa bili.

Hakuna aliyeliuliza vizuri kama Dalmas Aloo wa Kisian. Alikuwa mwashi miaka thelathini na kitu. Magoti yalipokataa ngazi akabaki na macho, akagundua kwamba macho nayo yana soko. Watu wanaotaka kununua nyumba walikuwa wanamlipa aikague kwanza, awaandikie kotesheni, yaani marekebisho yatakula pesa ngapi. Kazi halali kabisa. Mwanzoni alisema alichokiona. Kisha akaona kwamba nyumba ikiwa nzuri, mteja anaondoka amenuna, kama mtu aliyelipa kiingilio cha mpira na timu zikakosa kufika. Basi akaanza kuwaongezea utamu. Ufa wa rangi ukawa ufa wa ukuta. Anagonga plasta kwa kinyundo chake, anatega sikio, anatikisa kichwa mara tatu, na kufikia ile ya tatu muuzaji mwenyewe ameanza kushusha bei. Jumapili alikuwa mzee wa kanisa, anaimba besi. Amri kumi hazikusema lolote kuhusu kutikisa kichwa.

Jumamosi moja alichukuliwa na Byron, kijana mwenye nyumba za kupangisha kule Migosi na tumbo lililotangulia umri wake.

"Jaduong'," Byron alimwambia garini kwa heshima zote za kumwita mzee, "leo nataka kotesheni ya kutisha. Huyu mama ni mjane, mtoto wake yuko Uingereza, anataka kuuza amfuate. Akisikia msingi umeoza, atashuka."

"Msingi niachie mimi."

Alikuwa ameshalipwa. Elfu tatu, na zote ziko kwa mkewe, Akello. Pesa ikiingia kwa Akello haijui njia ya kutoka.

Nyumba ilikuwa upande wa Kibos, nyuma ya ukuta mrefu. Mabati mapya, veranda imezibwa kwa vioo, maua kila mahali. Mama Jaswinder, Kalasinga wa miaka themanini hivi, aliwapokea na fimbo yake, akawafuata chumba hadi chumba bila kusema neno. Dalmas akagonga. Akatega sikio. Akatikisa kichwa. Kila alipotafuta kosa hakuliona, na hilo halikumsumbua hata kidogo. Hatimaye akasimama sebuleni, akashusha pumzi.

"Mama, nyumba imekaa kwa udongo mweusi. Msingi ni mfupi, umeanza kuzama. Hiyo ni laki saba, na hapo nimekuhurumia." Kisha, kwa mazoea tu, akapigilia msumari wa mwisho: "Kwani nani alijenga hii?"

"Wewe," mama akasema.

Dalmas alicheka kidogo, kwa adabu. Kuna wauzaji wanaopenda utani.

"Wewe, Dalmas. Wewe na Sukhdev wangu. Mwaka wa themanini na tisa. Ulikuwa mwembamba, unakula chapati sita, halafu unauliza kama kuna ingine."

Hapo ndipo nyumba ilipomrudia. Aling'oa vile vioo akilini, akaondoa maua, akabaki na kiwanja kitupu na Singh mmoja mwenye kilemba cha buluu akipiga kelele: chimbeni! Sukhdev aliwachimbisha mpaka shimo likamfikia Dalmas kidevuni. Vijana walipogoma, mzee aliruka ndani na viatu vyake vya kanisa la kwao, akachimba mwenyewe mpaka akagusa murram, ule udongo mwekundu mgumu. Dalmas alijifunzia kazi katika lile shimo. Miaka mingi alikuwa akilisimulia kwa watu, lile shimo.

"Mimi nilikujua hapo getini," mama akaendelea. "Nikasema nitulie kwanza, amalize kazi." Akamgeukia Byron. "Kama Dalmas anasema msingi umeenda, umeenda. Yeye ndiye aliuweka. Hiyo laki saba nitatoa kwa bei."

Byron nusura apige saluti.

Kama angetukanwa, Dalmas angejua la kufanya. Matusi ya wenye nyumba ameyala tangu ujana. Hili la kuaminiwa lilimkuta hana mahali pa kuliweka. Akakitazama kile kinyundo kana kwamba kimewekwa mkononi mwake na mtu mwingine.

"Lakini Sukhdev alikufa akijua ni mzuri," mama akasema. "Nataka nione pale tulikosea. Chimba kidogo, Dalmas. Nionyeshe."

"Chimba, mzee!" Byron akamkonyeza. "Onyesha mama!"

Akaletewa jembe na mtaimbo, akachimba kwenye kona ya veranda, magoti yakilia kama bawaba. Mama alikaa kwenye kiti cha plastiki akimwangalia. Katikati ya kazi akamletea chai ya tangawizi, na chapati mbili, akaomba radhi kwamba siku hizi mikono haiwezi sita.

Mtaimbo ulipogusa zege, ulilia kama kengele. Dalmas akafuta udongo kwa kiganja. Alama za mbao bado zilikuwa pale, na ile ya ubao uliopinda aliougongomea mwenyewe. Hapakuwa na ufa hata wa kupitisha unywele.

Byron akainama. "Vunja hapo pembeni kidogo," akanong'ona. "Kipande kimoja tu. Mwambie kimeoza."

Na ieleweke kwamba Dalmas aliinua mtaimbo. Aliuinua mpaka begani. Juu yake mama alikuwa amesogeza kiti mbele, ameinamisha shingo, anangoja kwa utulivu kuonyeshwa kosa la marehemu mumewe.

Akaushusha.

"Mama, msingi hauna kitu. Nyumba haina kitu. Nilidanganya."

"Mzee, uko na homa?" Byron akafoka. "Nilikulipa ya nini?"

"Alikulipa ngapi?" mama akauliza.

Dalmas alijibia chini, kwenye shimo. "Elfu tatu."

"Elfu tatu," mama akarudia, polepole, bila hasira, kama mtu anayejaribu kukumbuka ni kitu gani kinanunuliwa kwa pesa hiyo.

Byron alikuwa ameshawasha gari. Dalmas akashika jembe aanze kufukia, apate angalau pa kuelekeza uso.

"Wacha wazi," mama akamwambia. "Mwingine akija kununua, aone." Akazoa kikombe na sahani, akaingia ndani.

Dalmas alifika Kisian jioni, matope mpaka magotini. Akello alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Kwani nyumba ilikuwa mbovu hivyo?"

"Nyumba ni nzuri," akasema. "Ile elfu tatu iko wapi?"

"Ya nini?"

"Nipe tu, mama. Kuna kijana nataka kumrudishia."

Akello akacheka mpaka akashika mlango. Kisha akauona uso wa mumewe, akaacha kucheka, akaenda kuitafuta.