Jina Kwenye Mapumziko

Kila Jumatatu sista wa wodi yetu hapa Masasi, yaani nesi mkuu wetu, hupanga zamu za manesi kwa penseli, kwa sababu wino, asema, hausikii hodi. Anajua nani amefunga, nani kafiwa, nani hana wa kumtekea maji. Mapengo huyaziba kwa jina lake mwenyewe, na daktari Mwingereza hutia sahihi bila kusoma. Kisha husimama dirishani akisugua ncha ya penseli kwa kidole gumba, macho yameelekea mlimani, upande wa Newala kwao, ambako hajafika tangu korosho za mwaka juzi. Wiki hii, kwa mara ya kwanza, nililiona jina lake kwenye mapumziko ya Jumamosi.

Nesi mwenzangu, Mama Getrude, akaingia. “Shikamoo, Sista. Jumamosi mabinti wanatolewa unyagoni kule Newala, na wangu yumo.”

“Marahaba.”

Manesi tuko watatu tu, Sista akiwemo, na wodi haibaki na mmoja. Sista alilifuta jina lake polepole, akapuliza vumbi la kifutio, akaandika la mwenzake.

“Nenda. Na wangu yumo. Akitoka mpigie vigelegele kwa nguvu, asipate nafasi ya kunitafuta.”