Mashine Iliyotandikiwa Nyasi

Mashine ya gemu aliiacha mdogo wangu kwa mama, kijijini Kamachumu, alipohamishiwa kazi Mwanza. Aliiacha pamoja na viatu vyake vya zamani na ahadi ya kuja kuvichukua. Viatu vipo hadi leo. Mashine ndiyo iliyopata bahati. Mama alipopooza mkono wa kushoto, hospitali walimpa kimpira cha kuminya, naye akakitupia kabatini akisema mpira ni wa watoto. Gemu ya magari akaikubali. Gari, alisema, ni kitu cha mtu mzima.

Kwenye gemu ile usukani ni kidole gumba cha kushoto. Mwezi wa kwanza gari la mama lilishinda limeng'ang'ania ukuta. Baadaye likaanza kufuata barabara, taratibu, magari mengine yote yakimpita. "Waache waende," alikuwa akisema, "wanawahi wapi?" Sijaona mtu aliyeshika mkia kwa heshima namna ile. Mimi sikujali nafasi, nilikuwa naangalia kona. Mtaalamu wa viungo alishatuambia bila kuficha kwamba mkono usipotumika sasa, utalala moja kwa moja. Na mama ni mtu ambaye angelala njaa kuliko kumwona mtu mwingine akimmenyea ndizi jikoni kwake.

Kisha mashine ikaanza kuunguruma kama ya kukoboa kahawa. Kona mbili, tatu, inazima. Ukiiwasha tena, kona moja, inazima. Mama aliweka chini pedi ya kuchezea, akarudisha mkono wake ndani ya kanga. Nikaogopa, nasema kweli, kuliko siku ile ya hospitali.

Watu walinishauri niipeleke kwa fundi Bukoba. Nilikataa. Nafundisha Sayansi darasa la tano, na mtu anayeweza kueleza mzunguko wa damu mbele ya darasa linalosinzia hawezi kushindwa na kisanduku cha plastiki. Hayo ndiyo niliyomwambia mama. Nikaazima bisibisi ndogo kwa fundi simu wa pale senta, nikatafuta video kwenye simu, na Jumamosi moja asubuhi nikaanza.

Yule bwana wa kwenye video alikuwa na meza nyeupe kama altare. Alisema jambo la kwanza ni kuhakikisha mahali pa kazi pamesafishwa, hapana hata chembe ya uchafu. Nikatazama sebule ya mama. Kwa mama, kila Jumamosi sakafu hutandikwa nyasi mbichi, ukuta hadi ukuta, ili wageni wa Jumapili wakitoka kanisani wakute nyumba yenye adabu. Tangu augue, kazi hiyo ilikuwa yangu. Natoka Muleba ninakofundisha, nashuka bondeni na mundu, nakamata fungu kwa mkono huu na kukata kwa ule, narudi na mzigo kichwani na wadudu shingoni. Mashine ilikaa chini, kando ya televisheni, kwa hiyo nayo ilitandikiwa. Tena mama alinisimamia niichagulie nyasi laini. Ni omugenyi, alisema, mgeni aliyetoka mbali.

Nilifungua skrubu moja moja. Kwa kuwa sikuwa na kitambaa cha sumaku cha kushikia skrubu kama cha yule bwana wa video, nilichukua kikapu kidogo ambacho mama huwawekea wageni kahawa ya kutafuna. Mama akasema kikapu kile hakishiki vyuma. Akanyoosha mkono wa kushoto, akaukunjua polepole mpaka kiganja kikawa wazi.

"Weka hapa."

Nikaweka skrubu ya kwanza. Ikakaa. Nikaweka ya pili, ya tatu. Ya nne ilipogusa kiganja, vidole vilitetemeka, na zote zikamwagika kwenye nyasi. Aliurudisha mkono ndani ya kanga, akageuka kutazama dirisha. Mimi nikajifanya nasikiliza video.

Nani amewahi kutafuta skrubu ndani ya nyasi? Nilipekua, nikapapasa, nikapata mbili. Mwishowe nikaanza kuzikung'uta nyasi fungu kwa fungu na kuzitupa nje, nyasi zile zile nilizobeba kichwani asubuhi. Skrubu ya mwisho niliipata mlangoni, wakati sebule imeshabaki sementi tupu.

Nilipoinua kifuniko cha mashine nikamwita mama aje aone. Feni haikuonekana. Palikuwa na kitu kama kiota cha ndege kilichosokotwa kwa nyasi kavu, mbegu na vumbi, kimejaa mpaka kwenye matundu ya pembeni. Tulikuwa tumemkirimu mgeni mpaka akakosa pumzi.

"Nyasi zako ndizo zinaiua," nilisema, kwa sauti ninayotumia kwa wasiofanya kazi za nyumbani.

"Mgeni hakalishwi kwenye sementi, waitu."

"Kuanzia leo hakuna nyasi humu ndani. Sikati tena."

Alinitazama kidogo. "Sawa, mwalimu," akasema. Mama huniita mwalimu anapokuwa amenikasirikia.

Nilisafisha feni kwa mswaki, nikarudisha kila kitu. Nilibakiwa na skrubu mbili ambazo sikujua kwao ni wapi, nikazificha kwenye pochi. Nikaiweka mashine juu ya kigoda, nikaiwasha. Ikawaka kimya kabisa. Nilirudi Muleba nimevimba kichwa, na Jumatatu nikawasimulia walimu wenzangu wote, hata waliokuwa na vipindi.

Jumamosi iliyofuata nilikuta mashine imeshika vumbi. Mama alikuwa jikoni.

"Umefanya mazoezi?"

"Sikai kwenye sebule kama stendi ya basi."

Wiki nzima hakugusa pedi. Wageni wa Jumapili aliwapokelea uani kwa aibu, akawaambia kwamba binti yake mwalimu amebadilisha mila. Nilimbembeleza, nikampigia kelele, nikamwambia mkono ni wake, si wangu. Akaniambia ndizi zinaungua. Niliondoka mapema bila kukata hata jani moja, maana na mimi ni binti yake, na ubishi sikuuokota njiani. Kwenye gari nilijiona mjinga mkubwa. Mashine nilikuwa nimeiponya, mgonjwa nikamwacha vile vile.

Wiki iliyofuata nilikwenda nimeshajiandaa kushindwa. Niliazima mundu kwa jirani nikiwa njiani, nishuke bondeni moja kwa moja kabla mama hajaniona na kunicheka. Lakini nilipopita mlangoni harufu ilinisimamisha. Sebule ilikuwa imetandikwa. Nyasi mbichi, bado zina umande, ukuta hadi ukuta, vichwa vyote vimelazwa upande mmoja jinsi mimi nisivyoweza kuvilaza. Mashine ilikuwa juu ya kigoda chake, na kigoda juu ya nyasi. Mama alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, anaendesha gari lake, la mwisho kama kawaida.

"Nani amekukatia nyasi?"

"Nimtume nani? Wewe si ulikataa."

"Mama. Nani amekata?"

Gari lake likakata kona. Mundu wake ulikuwa umeegemezwa ukutani, umelowa. Nilipiga magoti pale kwenye nyasi nikaushika mkono wake wa kushoto. Vidole vilikuwa na mikwaruzo midogo midogo, ile inayoachwa na fungu la nyasi linapokamatwa na kubanwa. Kijani kilikuwa kimeingia mpaka kwenye kucha. Machozi yalinitoka na sikujaribu kuyazuia.

Mama aliunyofoa mkono wake kutoka kwenye mikono yangu yote miwili.

"Niachie," alisema. "Huoni naendesha?"