Nta Kwenye Kabureta

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika gari wala boti. Fundi Mkuu wa karakana ya idara yetu pale Tabora alitandika kitambaa cheupe mezani, akaniwekea kabureta ya injini ya boti iliyoletwa kwa treni kutoka Kigoma, akaniamuru niifungue na kuifunga mpaka jioni. Kabureta ndiyo inayochanganya petroli na hewa kabla injini haijaichoma. Ndani mna bakuli dogo la mafuta, boya linalopima kina chake, na jeti, yaani kitundu chembamba ambamo petroli hupenya. Kitundu hicho kikiziba, injini nzima ni chuma tu. Nilirudi nyumbani vidole vinanuka petroli, najiona mtu mkubwa.

Baadaye nikahamishiwa kituo chetu cha Ujiji. Dereva wa boti alikuwa Zakaria wa Ulyankulu, ambaye wazazi wake walitoka Burundi. Mtu mkimya, hawashi injini kabla hajapiga ishara ya msalaba. Mkuu wa Kituo, huyo sasa, nikimkumbuka damu inanichemka mpaka leo.

Kila msimu wa asali alikuwa akiagiza madumu kutoka Ipole, awagawie wageni na wakubwa zake. Sina ubaya na hilo, kwetu mgeni haondoki mikono mitupu. Ubaya ni kwamba madumu yakishaisha asali aliyapeleka stoo, yakasuuzwa kwa maji, yakajazwa petroli ya boti. Nilimweleza kwa adabu kwamba nta hushika kwenye kuta za dumu, maji hayaitoi, ila petroli huiyeyusha na kwenda kuigandisha kwenye kabureta. Baba yangu alikuwa mrina asali, nta nimeijua tangu utoto.

"Wewe ni fundi au mrina asali?" akaniuliza. Ofisi nzima ikacheka. Nami nikacheka nao, mjinga mimi.

Haukupita mwezi. Tulikuwa tumewachukua wauguzi wawili kuwapeleka kijiji cha kusini, ziwa limelala asubuhi, injini inaimba. Upepo ukageuka tukiwa mbali na nchi kavu. Hapa vijana mnisikilize: maji na uchafu hutulia chini ya tangi, kwa hiyo pakiwa shwari injini haina neno. Mawimbi yakianza, tangi linatikisika na takataka zote zinapanda kwenye mpira wa mafuta. Injini ikakohoa, ikazima.

Boti ikaanza kugeuka ubavu. Zakaria akashika kasia, akaielekeza pua kwenye mawimbi na kuishikilia hapo, mishipa ya shingo imemtoka. Mimi nikatazama plagi, cheche ipo. Nikavuta choki, ambayo hupunguza hewa, injini ikaamka kidogo ikafa tena. Nikajua inakosa mafuta. Nikafungua kabureta, skrubu nimezibana kwa meno zisitumbukie ziwani. Kwenye bakuli nikakuta matone ya maji na utando wa manjano, laini, umeziba jeti. Nta. Nikaipuliza jeti kwa mdomo mpaka ikapitisha hewa, nikahamishia mpira wa mafuta kwenye dumu jingine, jipya, lisilowahi kuona asali. Mmoja wa wauguzi alikuwa analia na kumtaja mwanawe. Injini ikawaka, tukarudi wote wazima.

Ile nta niliifuta kwa kitambaa nikampelekea Mkuu wa Kituo mezani kwake. Hakukitazama. Makao makuu walitaka maelezo, na yeye alikuwa ameshayaandika: dereva kwa uzembe ameingiza maji kwenye petroli. Ilibaki sahihi yangu mimi fundi tu.

Nikamwambia Mkuu kwamba Zakaria hajakosa lolote.

"Watu wa kuja hao hawakosi pa kwenda," akasema. "Na wewe nyumba unayolala ni ya idara, fundi."

Haki ya Mungu, mtu aliyetuponza wote amekaa kwenye kiti cha kuzunguka, na aliyetushikilia juu ya maji anaitwa mzembe! Nikafikiria mke wangu na watoto wanne. Nikatia sahihi.

Zakaria akafukuzwa kazi. Siku anaondoka alipita karakana na kibegi chake, akanipa mkono, akanishukuru kwa siku ile ziwani. Nilijifanya natafuta spana chini ya meza.

Mkuu akapandishwa cheo. Mimi nikarudishwa Tabora, nikafundisha vijana wengi, nikastaafu kwa hotuba na makofi. Kila niliposifiwa kwa uaminifu nilitamani kuwaambia wanyamaze. Miaka yote nimemlaani yule bwana, na anastahili, lakini kalamu niliishika mimi.

Mwaka jana nikafunga safari hadi Ulyankulu. Nilimkuta Zakaria anafunga majani ya tumbaku, amezeeka kama mimi. Akanipa kiti, mkewe akasonga ugali. Nilipomaliza kula nikamweleza yote, tangu dumu la kwanza hadi sahihi. Aliniacha niseme mpaka mwisho.

"Najua, fundi," akasema. "Mkuu alinionyesha karatasi asubuhi ile, kabla sijaja kukuaga."

Kisha akaniongezea maji ya kunawa. Afadhali angenitukana.