Pumzi Kwenye Kioo

Juzi, katika hoteli moja pale Makutano, televisheni ilionyesha sinema ya Kichina ya maiti wanaorukaruka, mikono mbele, wakiamshwa na pumzi za watu walio hai. Wateja walicheka sana. Chai yangu ilipoa.

Nilipoiona utotoni, kwenye kibanda cha video Kianjai kilichonuka miraa na moshi wa jenereta, niliamini yote. Kwa hiyo alasiri tuliyomzika mama, niliinamia kioo cha jeneza nikampumulia, tena na tena, mpaka uso wake ukapotea kwenye ukungu.

Shangazi, aliyezoea Kiswahili cha mjini, alipangusa kioo kwa leso. "Basi, mwanangu. Wacha mama apumzike."

Nyumbani tulizungumza kikwetu, na Kiswahili changu kilikuwa bado kichanga. Nilisikia "apumue." Nikasogea kando, nikangoja.