Alama za Moyo wa Mume Wangu

Mume wangu alikuwa ameshavaa viatu. Kipimo cha umeme wa moyo kilikuwa kimetoka kizuri, na kwake mambo yalikuwa yamekwisha. Kule Keko, kwenye karakana yake ya useremala, alikuwa na kitanda cha mninga cha kukabidhi, mteja anaoa Jumamosi.

"Ni bega tu, daktari. Sie kazi yetu kubeba mbao."

Lakini asubuhi ile nilimkuta karakanani ameegemea ukuta, jasho linamtiririka, ameshika taya kama mtu mwenye jino bovu. Ndiyo maana nikamburuta hadi hospitali.

Daktari alikuwa binti wa umri wa mwanetu wa kwanza. Alishamwamkia shikamoo, sasa akavuta kiti.

"Baba, naomba ukae kidogo. Kipimo hiki peke yake hakitoshi. Nina maswali, kila jibu lina alama zake. Nikijumlisha ndiyo najua kama naweza kukuruhusu."

Maumivu yalianzaje? Umri? Presha? Sukari? Sigara? Mume wangu alijibu kwa mkato.

"Kuna ndugu wa damu aliyewahi kuugua moyo, au kufa ghafla akiwa bado kijana?"

"Hakuna."

Nilimtazama. Mdogo wake alianguka shambani, Songea, hata miaka arobaini hajafika, mkono kifuani. Ukoo ukasema karogwa, wakavunja ujirani na watu waliowashuku, na tangu hapo kifo kile hakizungumzwi nyumbani kwetu. Mimi mwenyewe nilishazoea kukipita pembeni.

"Yupo," nikasema. "Mdogo wake."

"Mama watoto!" Alitumia sauti ile ya kunyamazishia watoto. Sikunyamaza. Nikaeleza yote.

Daktari alinisikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia.

"Alama zimepanda, baba. Haziwezi kunionesha mshipa umeziba kiasi gani, hilo mpaka picha. Ila zinaniambia nisikuache uende."

Mume wangu akasimama. Nami nikajikuta nimesimama mlangoni.

"Nipishe."

"Sikupishi."

Katika ndoa yetu yote sikuwahi kumjibu hivyo mbele ya mtu. Alinikazia macho, kifua kinapanda na kushuka, nikawaza nikimkasirisha zaidi nitamuua mwenyewe. Kisha akarudi kitini taratibu.

Kipimo cha kwanza cha damu hakikuonesha kitu. Waliporudia baada ya saa kadhaa, kilionesha moyo umeanza kuumia. Akapelekwa hospitali kubwa kwa gari la wagonjwa, nami pembeni yake namhesabia pumzi. Picha ikaonesha mshipa wa mbele wa moyo umebakiza upenyo mwembamba mno. Wakamwekea kijibomba cha waya ndani ya mshipa huo, wakikipitishia mkononi, damu ikapita.

Wodini hakunisemesha. Nilimnywesha uji, akanywa akiangalia dirishani. Nilidhani hatanisamehe. Jioni moja, nikikusanya vyombo, akasema:

"Mpigie shemeji yangu Songea. Wanawe wakapimwe."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie yaliyonikuta."

Nikapiga palepale, yeye akisikiliza. Nikamsimulia mjane yule yote, naye akauliza:

"Kwa hiyo dada, mume wangu hakurogwa?"

"Sijui, mdogo wangu. Hakuna aliyempima. Ila watoto wapeleke."

Alikuwa analia. Mume wangu akanyoosha mkono, nikampa simu.