Bibi Aliimba Jina Langu, Mtani Akaweka Lake

Admin, nifiche. Najua utacheka, maana kisa chenyewe ni cha kijana anayegombania jina lake, na hapo hapo anaomba jina lake lisitajwe. Nifiche hivyo hivyo.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na tatu, Mmakonde wa Newala. Shule niliiacha kidato cha pili, au yenyewe iliniacha, tusigombane. Nina kibanda Kitangari, naingiza nyimbo na tamthilia kwenye simu za watu. Anayenijua hasemi niwekee nyimbo mpya. Anasema niwekee za mama mkwe, nami naelewa, kwa sababu kila mhusika wa ile tamthilia ya mkwe aliyefukuzwa nimempangia nyimbo zake. Mama mkwe ana taarabu za mafumbo. Mume nimempa bolingo za kulalamika, maana kazi yake ni kulia tu. Akina mama wanatoka mpaka Chilangala, memori kadi imefungwa kwenye pindo la khanga, wananifuata mimi. Sijisifu, natoa taarifa.

Ila ufundi wangu hasa ni kukata vipande vya tamthilia na kuviunga upya. Pale mkwe anapotoka getini na ndoo kichwani, wenyewe waliweka kinanda cha kuliza watu. Nikakitoa. Nikaweka sauti ya bibi yangu anatwanga na kuimba kwa Kimakonde, nilimrekodi uani kwetu. Mchi ukitua kinuni, mguu wa mkwe unakanyaga. Mama mkwe anabamiza geti, mchi unatua, puu. Ukitazama usisisimke, nenda kapime.

Kabla ya mtu yeyote nikamrushia rafiki yangu, nimwite Bakari. Bakari ni Mmakua wa Masasi, tumesoma wote, na kikabila ni mtani wangu. Nilitaka tu anisifie. Yeye akakata ukingo wa chini wenye jina langu, akabandika lake, akaitupa mtandaoni. Ikapokelewa nchi nzima. Watu wanaandika huyu Mmakua ana kipaji, naye anajibu kwa viganja vya kushukuru.

Nikashuka Masasi nimevimba. Nikamkuta saluni kwake, kumejaa watu, nikamwambia arudishe jina langu. Akageukia wateja, akasema, "Jamani, nimechukua jogoo wa mtani, na mtani anakuja kudai? Mtani hakasiriki. Au huko juu kwenu maji ni ya shida, mnakunywa machache mpaka hasira haishuki?"

Saluni nzima ikacheka. Na nyie mnajua, mtani akikutania mbele za watu ukinuna, mjinga ni wewe. Nikacheka na mimi. Kicheko kile kiliniunguza midomo kama mtu aliyebangua korosho mbichi kwa meno.

Kilichonimaliza ni bibi. Mabinti wa jirani walimwonyesha ile video, akasikia sauti yake, akaomba asomewe jina lililoandikwa. Nilipofika akaniuliza taratibu, "Mjukuu wangu, sauti yangu imeolewa Masasi lini?" Tangu hapo akitwanga haimbi.

Sasa sikilizeni Mungu asivyomtupa Mmakonde. Wale wa tamthilia wanakuja Masasi kutazama sehemu ya mwisho na mashabiki ukumbini, na video itakayofungua shughuli ni hiyo hiyo. Bakari akapanda mwenyewe Kitangari, mpole kama muumini mpya. Akanibembeleza niweke maneno ya Kiswahili chini, wageni wauelewe wimbo. Kasema, "Mtani wangu, Kimakonde chenu mimi nasikia mchi tu. Ila nimeshawaambia ni wimbo wa mavuno." Niwapelekee mafundi wa ukumbi kwenye flashi siku yenyewe, yeye atakuwa mlangoni anapokea wageni.

Moyo wangu ulicheza sindimba. Wimbo wa mavuno? Siku ile namrekodi, bibi alikuwa ananisema mimi! Anaimba jina langu, lile la jandoni ambalo Bakari halijui, analirudia kila mchi unapotua: fulani mjukuu wangu, mvivu wa kutwanga, hodari wa kula, weka simu chini ushike mchi. Mwizi alifuta jina kwenye picha, akaliacha linaimbwa mwanzo mpaka mwisho.

Maneno nimeshayaweka. Sikuongeza hata moja. Nimetafsiri kwa haki kuliko mwalimu wa Kiswahili aliyekuwa ananichapa. Nalala nawaza sura ya Bakari pale mlangoni, kwa kweli nasikia utamu.

Tatizo ni mama yake. Nikisoma Masasi nilikaa kwake, na wali ukiiva alianza kupakua sahani yangu. Juzi kanipigia. Nikamwamkia shikamoo mama, akaitika, "Marahaba mwanangu. Uje ukae na mimi kiti cha mbele, mwenzio anatutoa kimasomaso." Gauni kashonesha. Kwa hiyo jina la mwenye video likipita pale juu, mimi nimekaa ubavuni kwake, na ukumbi mzima unamcheka mwanawe.

Nikamweleza bibi nikidhani ataniambia nisamehe. Aliendelea kupeta unga wake, akasema, "Mimi nilichoimba nimeimba. Wewe ukiandika mavuno, na wewe umeniiba."

Ndugu zangu, flashi iko mfukoni. Nimuumbue mbele ya mama aliyenilisha, au nifute maneno ya bibi niandike mavuno? Nipeni mawazo. Ila anayekuja na habari za kusamehe aniambie kabisa nikamjibu nini bibi, maana kinu chetu bado kinatwangwa bila wimbo. Na asiseme mtu nina roho mbaya. Sheria aliitoa Bakari mwenyewe, pale saluni: mtani hakasiriki. Jogoo aliyemchukua anarudi kwao, nauliza tu, nimwache awike?