Jino la Mama Mkwe

Mwaka wa kwanza wa kliniki yangu pale Nyakato nilikuwa na hasira na karibu kila mtu aliyekaa kwenye kile kiti. Mtu anaingia, shavu limemvimba, hata hajakaa vizuri, anasema, "Daktari, ng'oa." Namwambia asubiri nitazame. "Utazame nini? Ng'oa tu, mimi naingia shifti saa nane." Namweleza kwamba jino lake linatibika, nitausafisha mzizi na kuuziba, atarudi mara tatu na basi, jino atazeeka nalo. Ananisikiliza kwa adabu, ananisifu kwamba nimeeleza vizuri sana, halafu anatoka na kuvuka barabara.

Ng'ambo ya barabara alikuwepo mwenzangu mmoja, mtu mzima, mpole, ambaye kazi yake ilikuwa kung'oa. Unamwonyesha linalouma, anachoma ganzi, analitoa, unaenda zako. Wagonjwa niliowahubiria asubuhi walitoka kwake wameuma pamba, na wakiniona mlangoni walinipungia mkono. Huko kunipungia ndiko kulikoniudhi kuliko yote.

Mimi sikufungua kliniki ili nishindane na mtu kung'oa. Nyumbani kwetu Kagera baba yangu alikuwa mwalimu, na kila jino lilipomsumbua alienda likang'olewa. Kabla hajastaafu alikuwa anakula ndizi zilizopondwa huku sisi tukitafuna nyama mbele yake, naye akijifanya hana hamu. Nikiwa chuoni nilishajua kliniki yangu itakuwa ya namna gani: jino linaloweza kupona halitang'olewa. Na likafuata jambo la pili, ambalo nililipenda zaidi ya la kwanza. Nilikuwa nimefanya kazi mahali ambapo mgonjwa mmoja anashikwa na madaktari wanne, kila mmoja anaanza upya, hakuna anayejua mwenzake aliishia wapi. Kwangu ingekuwa daktari mmoja, tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Nikamwita fundi akaandika ukutani kwa rangi ya bluu: HAPA UTAMWONA DAKTARI MWENYEWE. Dada wa mapokezi nilimfundisha aseme hivyohivyo kwa kila anayeingia.

"Wewe hukufungua kliniki, umefungua kanisa," mke wangu aliniambia siku moja. "Na waumini hawaji."

Basi ndipo mama mkwe alipokuja kutoka kwao Mara, kwa ajili ya kipaimara cha binti yetu mkubwa.

Kwao mke wangu, mkwe wa kiume na mama mkwe hawapeani mikono, hawali pamoja, hawakai sebule moja. Ninaporudi kazini nakohoa nikiwa bado kibarazani, ili apate nafasi ya kuingia chumba cha watoto. Nasimama upande wa pili wa mlango, naangalia chini, nasema, "Shikamoo, mama." Anajibu, "Marahaba, baba," kanga imemfika puani. Miaka kumi na miwili ya ndoa, na mimi ni daktari wa meno, sikuwahi kuyaona meno ya mama mkwe wangu.

Siku ya tatu mke wangu aliniambia mama yake hali vizuri, anashinda na karafuu shavuni. Nakiri kwamba nilifurahi. Nilimhurumia pia, lakini furaha ilitangulia. Niliona jinsi mtaa mzima utakavyojua kwamba nimeliokoa jino la mama mkwe, na kwamba yule mama alirudi mara tatu bila kulalamika. Nilikuwa na wagonjwa sita tu waliokubali kutibiwa mzizi, na hao nao walikuwa wanasitasita. Nilihitaji mtu mmoja wa kuwatuliza.

"Jumatatu saa tatu umlete," nikasema.

"Nimlete kwako?"

"Kwa nani tena?"

Mke wangu aliweka chini kikombe. "Yaani wewe umwambie mama yangu aachame?"

Nikamjibu kitaalamu. Kuna kitambaa cha mpira chenye tundu dogo, nikamweleza, kinafunika mdomo wote, ninachokiona ni jino moja tu. Atajifunika macho kwa kanga yake. Isitoshe, nikiwa kazini mimi si mkwe wa mtu, ni daktari.

"Hayo kamwambie mwenyewe," akasema.

Kumwambia mwenyewe ndicho kitu ambacho nisingeweza, na alijua. Hatukuzungumza tena habari hiyo, nami nikachukulia kwamba tumekubaliana.

Jumatatu nilichelewa na mgonjwa mmoja mwenye jino gumu. Nilipotoka kuchungulia, karibu saa tano, benchi lilikuwa na vijana wawili wa kiwandani, mama hayupo. Nikasogea mlangoni. Nikamwona ng'ambo ya barabara, akishuka ngazi taratibu, pamba mdomoni, kanga ameishikilia shavuni.

Mama muuza vitumbua wa pale kona naye alimwona. Alikuwa anamjua, maana Jumapili walikaa benchi moja kanisani kwenye kipaimara.

"Daktari! Yule si mkweo? Kumbe hata wewe watu wako unawapeleka kule!" Akacheka, na wateja wake wakacheka.

Nisingeweza kumkimbilia mama mkwe barabarani kumuuliza chochote. Nilirudi ndani na kunawa mikono ambayo haikuwa michafu. Wiki hiyo, kati ya wale wagonjwa wangu sita, wanne hawakurudi. Mmoja nilimwona kwa macho yangu akivuka barabara na jino nililokwisha kulisafisha mizizi miwili kati ya mitatu.

Jioni ya Jumatatu ile nilimlaumu mke wangu kwa sauti ya chini, kwa sababu ya mlango wa chumba cha watoto. Akasema alimwacha mama yake mlangoni kwangu kabla ya kwenda shuleni anakofundisha, na alimwona anaingia. Kesho yake nikamuuliza dada wa mapokezi.

"Yule mama mrefu? Alikaa pale karibu saa nzima, daktari. Aliniuliza kama kuna daktari mwingine. Nikamwambia hapana mama, hapa utamwona daktari mwenyewe."

"Halafu?"

"Akauliza, hata wa kuanzia tu? Nikamwambia daktari wetu hataki hivyo, ni yeye mwanzo mpaka mwisho. Akashukuru, akatoka."

Alisema hayo akitabasamu, akisubiri nimpongeze, na alikuwa na haki ya kupongezwa. Nilimkaripia. Baadaye nikarudi kumwomba radhi, akasema si kitu, lakini siku nzima hakuniangalia usoni.

Maumivu ya mama hayakuisha. Siku ya pili mke wangu aliniletea jino lenyewe kwenye kipande cha karatasi. Lilikuwa jino la chini. Nililiosha nikaligeuza kwenye taa, nikaligeuza tena. Lilikuwa zima. Palikuwa na mfereji mweusi kidogo juu, kitu cha kuziba nusu saa. Maumivu ya jino ni mwongo mkubwa: linaoza la juu, mtu anaapa ni la chini. Ndiyo maana tunagonga moja moja, tunapiga picha, tunachelewesha watu na shifti zao. Nilivuka barabara, jino mfukoni, nikiwa nimeshapanga maneno.

Yule mwenzangu alinipokea vizuri, akanipa kiti. "Alionyesha hapo hapo, daktari," akasema. "Nikamwambia tupige picha kwanza, akakataa. Alikuwa na haraka, kila saa anaangalia mlangoni."

Nilijua alikuwa anamwangalia nani. Nikamshukuru, nikaaga, jino bado mfukoni.

Nilisoma na dada mmoja ambaye sasa ni daktari wa meno Misungwi. Nilimpigia simu, nikamweleza kila kitu, akacheka mpaka nikataka kukata. Jumamosi akaja. Nikamwonyesha kiti changu, taa yangu, vifaa vyangu vya mzizi ambavyo sikuwahi kumruhusu mtu mwingine avishike, halafu nikatoka na kufunga mlango, ili mama apite na mke wangu kupitia nyuma.

Nikakaa kwenye benchi la wagonjwa. Sikujua lilikuwa gumu namna ile. Niliusikia mlio wa mashine yangu mkononi mwa mtu mwingine, ukipanda pale ambapo mimi ningepunguza, na mara mbili nilisimama niende kugonga mlango nimwelekeze. Mara mbili nikakaa. Nilikuwa na uchungu, na sikuwa na mtu wa kumtupia.

Yule dada wa Misungwi alitoka akivua glavu. "La juu, la pili kutoka nyuma. Litapona. Nitarudi mara mbili, ukinikaribisha."

Nikamwambia karibu.

Mke wangu na mama yake walitoka kwa nyuma, wakazunguka mpaka mbele. Mama alisimama hatua kadhaa kutoka kwangu, amenipa mgongo nusu, kanga puani. Nikainuka, nikaangalia chini, nikamwamkia. Akaitikia. Kisha akasema na binti yake, kwa sauti ya mtu anayetaka isikike mpaka nilipo:

"Mwambie mwenzako, nilikaa hapo ndani saa nzima nikiomba atokee mtu mwingine, yeyote. Nilitaka nitibiwe kwake. Ningempata huyu binti siku ile, na lile la chini ningekuwa nalo."

Mke wangu alinigeukia anifikishie, kama inavyotakiwa, kana kwamba sikusikia. Nikamwambia amwambie mama nimesikia.